Barua kwa mwanangu: Bibi wa Wisconsin yuko wapi?

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi hatujambo, baba yako mguu unampa nafuu na anamsalimu mkwewe. Picha zote ulizotuma nimezipitia.

Unasema mmeshampata yule babu wa ukoo wa mume wako, Mjerumani mkulima aliyehamia Wisconsin: hati yake ya uraia mnayo, hati ya shamba mnayo, na kaburi lake lina namba ya kikosi cha askari wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mkewe, kila mnapogeuka, ni “mke” tu, jina la kwao halipo. Ukaniuliza: “Mama, huyu bibi nimtafute wapi?” Na kwa kuwa nimeisha macho nikisoma mafaili ya Wajerumani pale Nyaraka za Taifa, ukaona mimi ndiye wa kuulizwa. Umefanya vizuri.

Hati ya uraia iweke pembeni, humo hayumo. Kwa sheria ya Marekani ya 1855, mumewe alipopewa uraia naye alihesabiwa raia siku hiyohiyo, bila kuapa na bila jina lake kuandikwa popote. (Hapo ni mwanamke mzungu, wengine sheria haikuwahusu.) Ilikwenda hivyo hadi 1922. Sensa za jimbo la Wisconsin za 1885 na 1895 nazo zilimtaja mkuu wa kaya peke yake, waliobaki wakahesabiwa: wanaume kadhaa, wanawake kadhaa. Yumo, ila ni tarakimu. Sensa ya taifa ya 1890 ndiyo ingewafaa, lakini iliharibika kwa moto Washington mnamo Januari 1921, na kilichosalia ni vipande tu.

Sasa fungua ile picha ya sensa ya 1900. Umeituma bila kusema neno, na humo ndimo bibi alimojaa. Mwaka ule karani aliagizwa kumwuliza kila mwanamke aliyeolewa maswali ambayo sensa kumi na moja zilizotangulia hazikuwahi kumwuliza kwa pamoja: una miaka mingapi ya ndoa, umezaa watoto wangapi, wangapi wako hai. Soma mstari wake taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Ndoa miaka 43. Watoto 9. Walio hai 5. Kisha nenda safu ya mwaka wa kuhamia: mumewe 1854, yeye 1856.

Unaona? Nyote mlikuwa mkitafuta bwana na bibi wakishuka melini pamoja na jina moja. Toa 43 kwenye 1900, unapata 1857. Mtoto wa kwanza kwenye sensa ya 1860 ana miaka miwili, kwa hiyo hesabu inakubali. Huyu binti alifika Marekani hajaolewa, akiwa na jina la baba yake, na ndoa ilifungwa hukohuko. Yule “mke” mnayemsaka kwenye orodha za abiria za 1854 hajazaliwa bado kwa jina hilo.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza ni cha ndoa cha kanisa, mwaka 1857 na ule wa kabla na wa baada, maana kumbukumbu za watu kuhusu miaka huyumba. Anzeni na makanisa ya Kilutheri ya karibu na shamba, kwa sababu kwenye sensa ya 1870 mume aliandikwa amezaliwa Pomerania. Mume wako anadhani mzee alikuwa mwongo kwa vile 1860 aliandikwa Prussia na 1900 Germany. Hakudanganya. Pomerania ilikuwa jimbo la Prussia, na Ujerumani kama dola moja ilikuja 1871. Kila karani aliandika lililomjia kichwani. Wapomerania walianza kumiminika kuzunguka Milwaukee tangu 1839, wakianza na Walutheri waliokataa kanisa lao kuunganishwa na jingine kwa amri ya mfalme, na waliofuata walikwenda kwa ndugu na majirani.

Kwenye vitabu vya ubatizo usitazame mtoto na wazazi ukafunga. Wajerumani huandika jina la mama pamoja na la kwao alikozaliwa, likitanguliwa na “geb.”, kifupi cha “geborene”, yaani aliyezaliwa. Halafu shuka kwa wasimamizi wa ubatizo. Ndugu wa mama wamo humo: mwanamke asiyeolewa mwenye jina la ukoo lilelile anaweza kuwa dada yake. Watoto 9, kila mmoja na wasimamizi watatu au zaidi, tayari una orodha ya ukoo wake mzima na nusu ya kijiji. Ukishindwa kupata kijiji chao kwa yeye mwenyewe, mfuate dada au kaka; karatasi za mmoja wao zitakitaja. Na usishike jina la kwanza kama gundi. Binti aliyebatizwa Johanna Wilhelmine Friederike, nyumbani anaweza kuwa Mina, kwa karani wa lugha ya Kiingereza akawa Minnie.

Wale 4 waliokufa wanauma. Wawili unawaona kwenye sensa kisha hawaonekani tena. Wawili hawamo katika sensa yoyote: walizaliwa wakafa katikati. Watafute kwenye vitabu vya mazishi vya kanisa hilohilo, ambamo mchungaji mara nyingi aliandika umri kwa miaka, miezi na siku. Sensa za 1850 hadi 1880 pia zilikuwa na orodha ya pembeni ya waliokufa katika miezi 12 iliyotangulia pamoja na chanzo cha kifo. Tafadhali waandikeni kwenye ule mti wa ukoo, hata kama hamna majina. Alipoulizwa amezaa wangapi, yeye alimtajia karani tisa, si watano.

Meli zije baadaye. Akipitia bandari ya Hamburg mna bahati, orodha zake zipo kuanzia 1850 na hutaja alikotoka abiria. Akipitia Bremen, orodha za miaka ile ziliteketezwa na wenyewe kwa kukosa nafasi, hapo mtategemea upande wa New York, ambako kuanzia Agosti 1855 wahamiaji walipokelewa kwenye kituo cha Castle Garden. Ellis Island, kituo cha baadaye, isahauni, ilifunguliwa 1892.

Wala msidhani ni wake wa wakulima tu wanaosumbua. Carl Schurz alikuwa seneta wa Missouri, kisha waziri. Mkewe Margarethe alizaliwa Hamburg, naye mwaka 1856 alifungua shule ya chekechea kwa Kijerumani hapo Watertown, si mbali na kwenu, inayotajwa kuwa ya kwanza Marekani. Anayetafuta ndoa yao Hamburg au Wisconsin atazeeka: walioana London, Julai 1852. Jengo lile dogo bado lipo, mpelekeni mjukuu wangu akalione.

Lililobaki ndilo ninalolitamani zaidi. Kaburi linasema kikosi cha 26 cha Wisconsin, kile cha Wajerumani kilichopigana Chancellorsville na Gettysburg mwaka 1863, na kwamba mzee alifariki 1904. Kwa sheria ya 1890, mjane wa askari aliweza kuomba pensheni, dola 8 kwa mwezi, hata kama mume hakufa kwa ajili ya vita. Lakini ilibidi athibitishe kwamba aliolewa kweli. Basi wajane walileta vyeti, barua za wachungaji, viapo vya majirani waliowajua tangu usichana, wengine hata kurasa za Biblia ya familia. Kama aliomba, jalada lake liko Nyaraka za Taifa, Washington, kwa jina la mumewe na namba ya kikosi. Hapo ndipo bibi anapozungumza kwa mdomo wake, ingawa mwandiko ni wa wakili.

Agizeni jalada zima, msikubali kurasa “muhimu” walizochagua wao. Karatasi za Kijerumani nitumie mimi. Piga picha ukurasa wote, usikate mstari mmoja: ule mwandiko wa zamani “e” na “n” ni mapacha, na “u” hutambulika kwa kijikunjo cha juu, kwa hiyo lazima nione mkono wa mchungaji huyohuyo kwenye maneno mengine ninayoyajua. Mwanga utoke ubavuni. Na tuma kwa barua pepe, WhatsApp inanibania picha hadi nashindwa kuona.

Ni mimi,
Mama yako