Re: Balbu za LED Vermont, na kwa nini zinapepesa

Mkuu, umeuliza kama mkazi wa Winooski, mji wa jimbo la Vermont, Marekani, anaweza kusaidiwa na mpango wa jimbo kubadili taa, na kwa nini LED ulizofunga sebuleni zinapepesa. Ndiyo, mpango huo ni Efficiency Vermont, wa kusaidia watu kupunguza matumizi ya umeme. Unahudumia jimbo zima tangu 2000, isipokuwa mji wa Burlington, ambako kazi hiyo ni ya shirika la umeme la mji, Burlington Electric. Unauchangia tayari kwenye bili ya umeme, kwa hiyo usione haya kuwapigia.

Dukani soma lumeni (kipimo cha mwanga), achana na wati. Lumeni 800 ni mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. LED ya mwanga huo inakula kama wati 9. Ikiwaka saa 4 kwa siku unaokoa takriban yuniti 74 kwa mwaka. Taa isiyowaka sana, kama ya stoo, iache kwanza.

Kupepesa mara nyingi husababishwa na dima (swichi ya kupunguza mwanga) ya zamani, iliyotengenezwa kwa mzigo mkubwa wa balbu za zamani. Funga dima ya LED pamoja na balbu iliyoandikwa “dimmable”, yaani inayokubali dima; moja bila nyingine huenda isisaidie. Ndani ya kifuniko cha taa kilichozibwa, joto hukosa pa kutokea na kuua saketi ya kwenye kitako cha balbu, hivyo tafuta boksi linaloruhusu “enclosed fixture”, yaani taa iliyofunikwa. Enajiseva, zile balbu za mirija iliyopinda, zina zebaki, usizitupe na taka za kawaida. Na balbu za huku nyumbani usibebe kwenda huko, umeme wa Marekani ni volti 120, tofauti na wa huku.