Maswali yenu: Madagaska na watoto, kutazama lemuri (jamaa wa kima wa kisiwa hicho)

Tuna siku saba tu. Tutembelee sehemu ngapi? (Baba wa wawili, Nairobi)

Moja, kaka. Kisiwa chenyewe kinaizidi Kenya kidogo kwa ukubwa, na barabara zake si za kukimbia. Kutoka mji mkuu, Antananarivo, hadi msitu wa Andasibe ni kilomita 150 hivi, lakini wekeni saa nne au zaidi, kona baada ya kona, nyuma ya malori ya bandari ya Toamasina. Bebeni mifuko ya kutapikia. Mkifika, laleni pale pale usiku tatu au nne, na msikubali kuuziwa ratiba ya mbuga tano.

Wanangu, miaka 6 na 9, wamezoea Mikumi: unakaa garini, tembo huyo hapo. Huko hawatachoka? (Mama, Morogoro)

Ukiwaahidi Mikumi, watachoka, mama. Andasibe ni miguu. Mwongozaji anatangulia (bila yeye huingii hifadhini), nyie mnafuata shingo juu, na saa nzima inaweza kupita mkiangalia majani yanayochuruzika maji. Ndipo indri waanze.

Indri ni mkubwa kuliko lemuri wote walio hai: kilo 6 hadi 9, mweusi kwa mweupe, mkia kama hana. Asubuhi familia nzima huimba pamoja, mlio mrefu kati ya king'ora na kilio, unaosikika zaidi ya kilomita mbili. Kisha familia ya ng'ambo inajibu. Aliyekuwa akilalamikia ruba kwenye soksi hunyamaza mwenyewe. Kuwafuga kumejaribiwa kukashindikana, kwa hiyo usitegemee kumwonyesha mtoto indri kwenye bustani ya wanyama mahali pengine. Saa moja asubuhi muwe langoni.

Na usiku mpe kila mtoto tochi yake. Ndani ya hifadhi ya taifa matembezi ya usiku hayaruhusiwi, ila kandokando ya barabara mtaona vinyonga waliolala vijitini, weupe kwenye mwanga, na lemuri panya, aliye mwepesi kuliko yai la kuku. Kwa watoto, naona usiku huu unashinda hata mchana.

Binti yangu anamtaka yule wa katuni, mwenye mkia wa pete. (Arusha)

Huyo anaishi kusini, haonekani katika misitu ya Andasibe. Mahali pazuri ni Anja, karibu na Ambalavao, hifadhi inayoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Lakini kwa gari ni safari ya siku mbili kutoka mji mkuu. Kwa siku saba, mchague mmoja: indri au mkia wa pete. Kamwambie kabla hamjapanda ndege.

Shule zinafungwa Juni na Desemba. Twende lini? (Dodoma)

Mapema Desemba. Mvua ya mchana itawalowesha, lakini vinyonga na vyura watakuwa wamechangamka. Msisogeze safari hadi Januari, maana kuanzia hapo hadi Machi ndio kilele cha vimbunga. Juni indri wapo, ila usiku ni baridi kweli, na baadhi ya lemuri wadogo wamejichimbia kulala hadi joto lirudi.

Nitafuatana na wajukuu. Hakuna simba? Nyoka je? (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Simba hakuna, wala chui. Mla nyama mkubwa wa msituni ni fosa, mnyama kama paka, wa kilo zisizofika 12, na kumwona tu ni bahati. Koboko na swila hawapo pia. Mamba wapo mitoni. Wa kumwogopa hasa ni mbu: muone daktari mapema kuhusu dawa za kinga ya malaria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, hasa mkipitia Nairobi. Vijia vina ngazi zinazoteleza, kwa hiyo fimbo ni muhimu.

Tumeahidiwa picha lemuri akiwa begani. Tulipie? (Mombasa)

Hapana. Huyo kazoeshwa kwa ndizi. Pesa hiyo mpeni mwongozaji wa msituni.