Nilivyouza Altezza ya kilomita 241,000 hapa Mtwara

Nilipoweka tangazo na picha za gari langu, ujumbe wa kwanza uliingia hata simu sijaiweka mezani: "Mwisho ngapi?" Salamu hakuna, mwaka wa gari hakuuliza, injini hakuuliza. Wa pili: "Unapokea Boxer na hela juu?" Wa tatu ulitoka kwa mjomba wangu wa Masasi, aliyeziona picha zikamtia hofu: "Mjomba, kuna usalama huko?"

Nilikuwa nauza Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001, gia sita za mkono, namba za usajili za herufi B, dashibodi inasoma kilomita 241,000. Kuiuza kulinichukua misimu miwili ya korosho, na msimu wa kwanza nilitoka na hasara. Nayaandika haya kwa sababu kila nikipita gereji namkuta mtu mwenye Altezza, Subaru au Mark II anayetaka kuiachia, na anaanzia pale pale nilipoanzia mimi: kufikiria ataficha nini.

Kwanza ujue unachouza. Hapa mjini mtu akisema Altezza anadhani zote ni moja. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, imetulia na haina fujo. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, na ile ya gia za mkono Toyota waliiandikia nguvu za farasi 210. Nje ya Japani Altezza iliuzwa kama Lexus IS. Zote mbili zinasukumwa na tairi za nyuma, na mita zake zimepangwa mfano wa saa ya mkono ya kifahari, vijisaa vidogo ndani ya saa kubwa. Simwagi sifa. Nayasema kwa sababu maelezo haya yanakuchujia wateja. Anayeanza na "inakula mafuta kiasi gani?" si mteja wako, mwelekeze kwa heshima akatafute Toyota ndogo kama IST. Anayeuliza "ni 3S au 1G?" mvutie kiti.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kila mtu aliyeniambia "subiri korosho". Kweli, kuanzia Oktoba minada ikianza, hela inaingia mkoani na unaiona kwa macho: foleni benki, bati mpya juu ya nyumba, pikipiki zikiwa bado na nailoni kwenye siti. Lakini hela ile ina kazi zake. Mkulima wa Tandahimba au Newala anatafuta pikipiki, kirikuu, au Noah ya kubebea abiria. Altezza yangu ilikuwa imekaa chini, ina tairi za 215/45, ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali. Barabara ya kupanda Newala wakati huo ilikuwa ikipata lami kwa vipande, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na mchanga na mawe. Ukimuuzia mtu wa huko gari hili umemuuzia ugomvi.

Na mimi nikamuuzia. Ilikuwa msimu wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakawa yanatanguliwa na uhakiki wa wakulima. Bwana mmoja, mtu mzima na mwenye maneno mazuri, alinipa milioni nne tukaandikiana mali kauli, nyingine angeleta akishalipwa. Gari akaondoka nalo siku ileile. Kadi ilibaki na jina langu, nikajiona mjanja kwamba nimeishika kadi.

Hela yake ilichelewa, na kwa hilo simlaumu. Lakini kadi niliyoishika ndiyo iliyonishika. Faini tatu za mwendo kasi, elfu thelathini kila moja, zote zimesimama kwenye namba ya gari langu. Mwezi wa tatu akalirudisha. Bampa ya nyuma imefungwa kwa waya, klachi inanuka kama kiatu kilichoungua, na yeye mwenyewe amenuna: "Mkubwa, gari lako linateleza lenyewe." Hakujua kuwa linasukuma kwa nyuma, na kona yenye mchanga ilimfundisha. Nani alipaswa kumwambia? Nilimrudishia sehemu ya hela yake, nikalipa faini, nikanunua klachi. Tangu siku hiyo gari haliondoki uani kwangu kwa mali kauli, awe shemeji, awe shehe.

Awamu ya pili nilianza na dalali. Alikuja na ushauri wa papo hapo: "Kaka, hizi kilomita turudishe, isome 118." Nikamfungulia boneti. Pembeni kuna stika ya fundi: taimingi belti imebadilishwa ikiwa na kilomita 203,000. Nikamwonyesha kichwa cha gia, namba zimefutika zote isipokuwa mkia wa sita. Raba ya pedali ya klachi imelika upande mmoja. Gari zima linasema umri wake, sasa wewe ubadilishe tarakimu za kwenye kioo? Mteja wa gari la namna hii huja na fundi, na fundi akishakukamata na uongo mmoja, hata ya kweli yote unayosema yatakuwa ya uongo. Halafu ni wizi, tusizungushe maneno.

Pendekezo lake la pili lilikuwa kuosha injini ing'ae. Nililikataa pia. Injini ya miaka ishirini iliyooshwa jana inamwambia mnunuzi kwamba juzi ilikuwa inavuja. Nilifuta vumbi kwa kitambaa, basi. Tukakubaliana laki mbili taslimu akileta mteja, bila kuweka cha juu chake kwenye bei yangu. Hakuleta mtu.

Nilichokitengeneza kilikuwa kidogo: klachi (hiyo nimeshaieleza), bushi za mbele, na taa ya injini iliyokuwa inawaka kwenye dashibodi kwa sababu ya sensa ya oksijeni. Taa ile iondoe kwa kutengeneza tatizo lenyewe. Kuizima kwa mashine hakusaidii, itawaka tena wakati mteja yuko kwenye usukani. Kutu sikuigusa. Sisi wa Shangani tunalaza magari karibu na bahari, na hewa ya chumvi inakula chini ya milango na kwenye matao ya tairi kabla hujajua. Ukizibia puti mpya, ule udongo wa kujazia bodi, na kupuliza rangi, unampa mteja sababu ya kujiuliza kuna tundu kubwa kiasi gani huko ndani. Mimi niliipiga picha karibu kabisa, nikaiweka pamoja na picha nyingine.

Rimu je? Nilikuwa nimefunga za inchi 18, nilizinunua laki tisa enzi za ujana. Nikazitoa, nikarudishia za inchi 17 zilizokuja na gari. Ekzosi ya kelele nayo ikatoka, ya asili ikarudi. Najua inauma, ila pesa ya mapambo hairudi. Anayeijua RS200 anatafuta iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, apambe mwenyewe. Ikishakuwa na spoila na stika za moto anaona kijana aliyekuwa akiikanyaga usiku barabara ya uwanja wa ndege. Hakosei sana.

Kilichouza gari lile ni kaunta buku. Tangu nilinunue niliandika kila kitu: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei, na jina la fundi. Mwandiko wangu mbaya, kurasa nyingine zina alama za vidole vyenye oili. Kama huna daftari, anza na risiti zilizopo kwenye droo ya gari, na mpigie fundi wako akukumbushe.

Mnunuzi alikuwa kijana fundi umeme wa Mikindani. Alipiga simu na ombi moja: "Kaka, naomba usiliwashe hadi nifike." Injini ikiwashwa baridi haifichi ubovu, hapo nikajua huyu siyo wa "mwisho ngapi". Jumamosi asubuhi wakaja wawili, yeye na fundi wake, juu ya bodaboda moja. Shikamoo, marahaba, kisha akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi. Fundi akachomoa kijiti cha oili, akakifutia kwenye leso nyeupe na kuitazama leso juani. Kijana naye akatoa mfukoni sumaku ya spika iliyovishwa soksi ya mtoto, akaanza kuipitisha kwenye bodi, mlango kwa mlango, ikishika.

Alipokaribia bawa la nyuma kushoto nikamwambia, "Hapo haitashika. Bajaji ilinigonga 2016, kuna puti." Akaijaribu, ikadondoka. Akamtazama fundi wake, akairudisha mfukoni, na hakuitoa tena. Nikaendelea kabla hajauliza: inakula oili, karibu nusu lita kwa kila kilomita elfu, kutu iko hapa na hapa, gia ya pili asubuhi inahitaji kubembelezwa. Daftari lile alilisoma muda mrefu kuliko alivyolitazama gari.

Tulikwenda Mikindani na kurudi, kilomita kama kumi kwenda. Nilitangulia kuendesha mimi, kurudi akaendesha yeye, leseni yake nimeshaiona na bima yangu iko hai. Usimpe mtu ufunguo akazunguke peke yake, hata akikuachia simu yake mezani. Na mweleze mapema kwamba kwenye makazi mwendo wa mwisho ni hamsini, asije akataka kupima nguvu za farasi mbele ya shule.

Utaniuliza, ukishamtajia ubovu wote si ataushusha nao bei? Alijaribu. Niliandika 8,500,000, akasema sita kwa sababu ya oili na kutu. Nikamjibu, "Hiyo ni bei ya gari linalokula oili. Lisingekula ningeanzia kumi." Akacheka. Ndani ya jalada la daftari nilikuwa nimeandika kwa penseli 6,800,000, mwisho wangu, ili njaa isinidanganye. Tukafunga kwa 7,200,000.

Upande wa karatasi sina maneno mengi, ila hayana mjadala. Jumatatu tulikwenda benki pamoja, na niliangalia salio la akaunti yangu, siyo ujumbe kwenye simu ya mtu. Mkataba ulifanyika kwa wakili, mashahidi wawili, namba za vitambulisho vya NIDA, namba ya chesisi na ya injini zikisomwa kwenye gari lenyewe na kulinganishwa na kadi. Tuliandika hadi saa ya makabidhiano, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kwa sababu faini inayopigwa saa sita ni yake. Kabla ya hapo tulikuwa tumeingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi kuona kama kuna deni, halikuwepo. Wapo wanaouliza bado kuhusu ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ile ilifutwa 2017. Uhamisho wa umiliki TRA tuliufuatilia wiki ileile, na sikuacha kumuulizia mpaka kadi iliposoma jina lake.

Alipokuwa anaondoka nilimwegemea dirishani nikamwambia kuhusu kona yenye mchanga. Akaitikia, "Naijua kaka, ndiyo maana nimeitaka."

Rimu za inchi 18 bado zipo stoo, nati tano, moja ina mkwaruzo mrefu wa ukingo wa barabara pale stendi. Ukizitaka niandikie, ila anza na salamu.