Moyo mmoja kwa Mungu, mikono kwenye tuktuk

Ukiendesha tuktuk Malindi, simu ndiyo kazi yenyewe. Mteja wa hotelini anapiga, mama wa watoto wa shule anapiga, tajiri mwenye tuktuk anapiga kuuliza hesabu yake. Kwa hiyo nikisikia mtu anashauri "zima simu umtafute Mungu", najua huyo hadaiwi petroli. Ushauri wangu ni mwingine: usingojee wakati usio na usumbufu, hutaupata. Mpe Mungu saa ya kwanza, kabla simu haijajua umeamka.

Mimi huamshwa na adhana ya alfajiri. Ndiyo, Mkristo mimi, na saa yangu ya kuamkia ni msikiti wa mtaani. Majirani wakienda kuswali, nami nakaa mezani na Biblia ya karatasi. Ya karatasi, nasisitiza. Ile ya kwenye simu inafaa stejini, lakini alfajiri utasoma aya mbili tu na ujumbe wa kundi utakuwa umeshaikalia Zaburi. Kando yake naweka daftari la shule na kalamu. Nikianza kuomba, mawazo huingia bila hodi: gesi inaisha, tairi la nyuma limelika, ada. Siyafukuzi. Naandika "gesi, tairi, ada", naendelea na sala. Mwishoni nairudia ile orodha na kuiombea moja moja. Wazo likishaandikwa hunyamaza, maana shida yake ilikuwa kuogopa kusahauliwa.

Stejini ndiko kugumu. Jua la saa nane, abiria hakuna, na mikeka ya kubashiri mechi inazunguka kutoka simu hadi simu. Usidhani hasara ni pesa ya dau peke yake. Ukishaweka mkeka, akili yako imehamia uwanjani hadi usiku, na ukiwa ibadani utachungulia matokeo chini ya benchi. Mimi sichezi. Utani wa wenzangu ulikuwepo, ukaisha wenyewe.

Kuhusu Jumapili: Desemba na Pasaka mji hujaa wageni, na ndipo riziki ilipo. Nakwenda ibada ya kwanza, kisha barabarani. Kama kanisa lako lina ibada moja tu, zungumza na tajiri katikati ya wiki, si Jumapili asubuhi.

Wala tusisingizie simu kwa kila kitu. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja wa heshima alimuuliza kama Wakristo kwao huenda kanisani, kwa kuwa hapa, kati ya misikiti 17, ni mitatu tu iliyokuwa na watu, tena wachache. Mwaka 1542, hakuna intaneti wala ligi ya Uingereza! Nikipeleka wageni kwenye lile kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, huwa nawapa kisa hicho, wanacheka.

Lakini sisi wa huku hatuwezi kusema "mpe Mungu moyo wote" tukaruka yaliyotokea msitu wa Shakahola. Kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, wakiwemo watoto, baada ya waumini kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu ndoa na useja, alisema hakutaka kuwategea tanzi, bali wamhudumie Bwana pasipo kuvutwa na mambo mengine. Hilo la tanzi wahubiri wengi hulipita haraka. Ukiambiwa umtoe mtoto shule, uache dawa au ukate ndugu zako ndipo uwe wa Mungu kamili, toka hapo siku hiyo hiyo, na umweleze chifu.

Mimi hufunga Ijumaa hadi saa kumi jioni, na mke wangu anajua. Nikihisi kizunguzungu na nina abiria, naegesha pembeni, nanunua chai.