Praima ya Macho Hudumu Saa Ngapi? Namna Ninavyoipima kwa Siku Nzima katika Joto la Dar es Salaam

Miaka michache iliyopita nilimpamba bibi harusi mmoja hapa Dar es Salaam, mwezi wa Januari, wakati joto la mchana hupita nyuzi 30 na hewa ya pwani hujaa unyevu. Nilimaliza kazi saa nane mchana, macho yakiwa na rangi ya dhahabu iliyokolezwa kwa kahawia kwenye mkunjo wa kope, na kila aliyeingia chumbani alisifu. Ilipofika saa mbili kasoro usiku, tukijiandaa kuelekea ukumbini, shangazi yake alinivuta pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hebu mtazame mwenzio machoni kabla hatujaingia." Dhahabu yote ilikuwa imejikusanya na kufanya mstari mmoja mnene katikati ya kope, na juu na chini ya mstari huo ngozi ilikuwa wazi. Boksi la praima niliyotumia, yaani kile kipodozi kinachopakwa kwenye kope kabla ya rangi ili rangi idumu, lilikuwa limeandikwa kwamba hudumu saa 24, nayo haikufikisha hata saa sita.

Nilimrekebisha, picha zikapigwa, sherehe ikaendelea. Hata hivyo huniuma mpaka leo nikikumbuka kwamba nilimpaka mteja kitu ambacho sikuwahi kukipima mwenyewe, nikatosheka na maneno ya kwenye boksi. Tangu siku ile hakuna praima ya macho inayoingia kwenye sanduku langu la kazi kabla sijaivaa siku nne, na katika makala hii nataka kueleza siku hizo nne huendaje, kwa sababu mtu yeyote anaweza kufanya jaribio hili nyumbani kwake bila gharama ya ziada.

Kwanza ni vyema kufahamu tunapambana na nini. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, na kwenye ukingo wake kuna tezi zinazotoa mafuta yanayozuia machozi yasikauke upesi. Mtu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Ukizidisha kwa saa kumi, utaona kwamba kope imejikunja na kujikunjua mara 9,000 baina ya asubuhi na jioni. Rangi ya unga ikishalowa mafuta na jasho, kila mkunjo huisukuma kidogo kuelekea mahali pamoja, na mwishowe hujipanga kwenye mstari kama ule niliouona kwa bibi harusi. Praima nyingi huzuia jambo hilo kwa njia mbili: silikoni zake huacha utando mwembamba baina ya ngozi na rangi, na chembe za unga zilizomo, kama silika, hunyonya mafuta. Ukisoma orodha ya viambato ukakuta maneno yanayoishia na "cone" au "siloxane", hizo ndizo silikoni. Baadhi ya viambato hivyo huruka hewani muda mfupi baada ya kupakwa, na utando hukamilika baada ya hapo. Kumbuka jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Jaribio lenyewe nalianza saa mbili asubuhi, baada ya kuosha uso kwa sabuni isiyo na mafuta na kuukausha vizuri. Jicho la kushoto napaka praima, jicho la kulia siipaki. Wengi hupaka macho yote mawili kisha jioni wakasema bidhaa ni nzuri au mbaya, ilhali hawana cha kulinganisha nacho. Huenda siku hiyo ilikuwa ya baridi na rangi ingedumu hata bila praima. Siku ya pili nabadilisha: jicho la kulia linapata praima, la kushoto linakosa. Kope zangu mbili hazifanani, kwani ya kulia, ambayo ndiyo upande ninaolalia, hutoa mafuta zaidi, na kama nisingebadilisha ningeisifu praima kwa kazi iliyofanywa na ngozi. Siku ya tatu nailinganisha na konsila, yaani krimu ya kuficha madoa, iliyowekewa poda juu yake, kwa kuwa wapambaji wengi huitumia konsila badala ya praima na ni haki kujua kama kuna faida ya kununua kitu cha pili. Siku ya nne naivaa katika siku ngumu kwa makusudi: nasimama jikoni kwenye mvuke, napanda daladala mchana, natembea juani.

Mambo mengine yote nayaacha yafanane. Rangi ni ileile ya kahawia isiyong'aa, kwa sababu rangi inayometameta huakisi mwanga na kuficha mpasuko mdogo, yaani ule mstari unapoanza kujitokeza mkunjoni. Brashi ni ileile, na kila kope naipaka idadi ileile ya mipigo. Siongezi poda, sifikichi macho, wala sijipangusi kwa kitambaa. Kila baada ya saa mbili nasimama kwenye dirisha lilelile na kupiga picha mbili bila taa ya simu, moja macho yakiwa wazi na nyingine nikiwa nimeyafumba taratibu. Ile ya macho yaliyofumbwa ndiyo yenye ukweli, maana mstari huanzia ndani ya mkunjo na mtu mwenye macho wazi hauoni mpaka umeshaenea. Katika daftari naandika saa ya mpasuko wa kwanza, na saa hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa umri wa praima. Singoji rangi iishe yote, kwa sababu kamera ya harusi nayo haitangoja.

Jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba kuna kushindwa kwa aina mbili, na dawa zake ni tofauti. Rangi inaweza kujikusanya kwenye mkunjo, nayo ni dalili ya mafuta kuzidi au praima kuwa nzito. Inaweza pia kufifia kidogo kidogo pasipo mstari wowote, ikawa kama imefutwa na upepo, nayo ni dalili kwamba unga haukupata kitu cha kushikamana nacho, hasa kwa mtu mwenye kope kavu. Mwenye tatizo la pili akinunua praima inayokausha sana ataongeza tatizo lake. Yeye afikirie ile ya krimu yenye kunata kidogo, na hapo ndipo bidhaa kama Paint Pot ya kampuni ya vipodozi ya MAC, ambayo kwa hakika ni rangi ya krimu, imepata heshima yake miongoni mwa wapambaji kama msingi wa rangi nyingine.

Sasa nirudi kwenye ile praima ya harusini. Niliinunua tena nikaipima kwa utaratibu huu, nikitarajia kuitupa. Siku ya kwanza nilipaka kiasi cha nusu ya punje ya mchele kwenye kope moja, nikaitandaza kwa ncha ya kidole cha pete, nikangoja dakika mbili mpaka haikunata tena, ndipo nikaweka rangi. Mpasuko wa kwanza ulionekana saa kumi na moja jioni, yaani baada ya saa tisa. Jicho lisilo na praima lilikuwa limepasuka kabla ya saa sita mchana. Nilistaajabu, nikarudia siku ya pili kwa kupaka kama nilivyompaka bibi harusi: tone kubwa, bila kungoja, na juu ya krimu ya kulainisha ngozi niliyokuwa nimemzungushia machoni muda mfupi kabla. Baada ya saa nne na nusu mstari ulikuwa pale pale, mnene na wa wazi. Praima haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeharibu utando wake kabla haujakamilika, na krimu ya chini ikaumalizia.

Tangu hapo nimepima bidhaa saba kwenye kope zangu, za bei ya juu na za bei nafuu. Pengo baina ya iliyodumu zaidi na iliyodumu kidogo, zote zikipakwa vizuri, halikufika saa tatu. Lakini bidhaa moja ikipakwa vizuri na ikipakwa vibaya hutofautiana kwa zaidi ya saa nne. Kwa hiyo mtu anayeniuliza anunue ipi, mimi humwuliza kwanza anapaka kiasi gani, na kabla ya hapo anaosha uso kwa kitu gani. Mafuta ya mgando, ambayo nimeona watu wakiyatumia kama praima ili rangi ing'ae, huondoka na rangi yote mkunjoni ndani ya saa moja. Kabla ya kuanza kupima bidhaa mpya, ipake upande wa ndani wa kiwiko uiache siku nzima, kwani kope hukasirika haraka na uvimbe wake huchelewa kupona.

Kwa sisi tunaosali, utando huu una jambo jingine: huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na udhu unataka yafike. Mimi hufanya majaribio yangu katika siku ambazo sisali, ili nisilazimike kuosha macho adhuhuri na kuanza upya. Bibi harusi naye namwuliza mapema atasali saa ngapi, nikapanga kumpamba baada ya kutia udhu, na nikamweleza kwamba akihitaji kuutia tena itabidi tuondoe vyote kwa pamba yenye mafuta na kumpaka upya.

Kope zangu si za mtu mwingine, ndiyo maana siku hizi bibi harusi huja kwangu wiki mbili kabla ya sherehe, nikampaka praima moja jicho hili na nyingine jicho lile, kisha akaenda zake kwenye shughuli za kawaida na kunitumia picha saa kumi jioni na saa mbili usiku. Mwezi uliopita alikuja mmoja mwenye kope zenye mafuta mengi, na hakuna hata moja kati ya praima zangu iliyovuka saa tano machoni pake. Nilikaa na mama yake tukakubaliana kuacha dhahabu, nikamchagulia kahawia isiyong'aa ambayo mpasuko wake hausomeki kirahisi kwenye picha, na ratiba ikatengewa dakika tatu kabla ya kuingia ukumbini: tishu ya kugandamiza taratibu bila kusugua, kidole cha kusawazisha mkunjo, na brashi ndogo yenye rangi ileile. Saa nne usiku, keki ilipokatwa, nilikuwa nimesimama karibu naye, na macho yake yalikuwa vilevile.