Sindano za Kichina kwa Mbwa Mzee na kwa Paka Aliyeanguka

Mbwa wetu ana miaka 11. Asubuhi huinuka kwa taabu, miguu ya nyuma ikitetemeka; akishatembea kidogo huwa afadhali. Jirani Mwitaliano asema kwao mbwa kama huyu hudungwa sindano za Kichina (acupuncture). Zinafaa kweli, au ni kutupa pesa?
*Msomaji, Muyeye, Malindi*

Mbwa wengine hupata nafuu, na maumivu ya viungo ndiyo hasa yanayotibiwa hivi. Lakini kabla ya sindano hata moja, apimwe damu. Pwani yetu imejaa kupe wa kahawia, na homa ya kupe iitwayo erlichia huvimbisha viungo, mbwa akachechemea ukadhani ni uzee. Ugonjwa huo pia hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, kwa hiyo ukimdunga huenda akatoka damu isiyokoma upesi. Dawa yake ni doksisaiklini, kwa kawaida wiki nne mfululizo. Mbwa wa aina hii akianza na sindano za Kichina, ugonjwa hupata muda wa kukomaa.

Kipimo kikitoka safi na eksirei ikaonyesha nyonga zimelika, hapo sindano zina nafasi yake. Ni nyembamba sana, unene wa milimita 0.2 hadi 0.3, hazina tundu wala dawa ndani, na kila moja hutumika mara moja ikatupwa. Daktari hupapasa uti wa mgongo kwanza. Sehemu moja ya kudunga iko katikati ya mgongo, nyuma tu ya pingili ya saba na ya mwisho ya kiuno. Nyingine ziko pande mbili za uti, usawa wa pingili ya pili na ya tatu ya kiuno, na nyingine upande wa nje wa mguu wa nyuma, chini kidogo ya goti. Huachwa dakika 10 hadi 30. Mbwa wengi hulegea, wengine husinzia kabisa. Asiyetulia asibanwe kwa nguvu: msuli ukikaza, sindano hupinda humo humo. Siku ya kwanza zinamtosha mbili tatu.

Simama karibu uhesabu sindano zikiingia, uzihesabu tena zikitoka. Mbwa hujikung'uta, moja ikaanguka, naye akaimeza. Kwenye mbavu ndiko kwenye hatari kubwa zaidi, maana sindano ikizama sana hutoboa pafu. Pia haidungwi penye uvimbe wa saratani wala kidonda chenye usaha.

Kwa kawaida ni mara moja kwa wiki. Ikifika ya tano na huoni tofauti, acha. Hizo pesa zina kazi nyingine. Sindano huchokoza neva, mwili ukatoa endofini, kituliza maumivu chake wenyewe. Hata hivyo, watafiti waliokusanya majaribio ya wanyama mwaka 2006 walikuta ushahidi hautoshi kuipitisha tiba hii wala kuikataa. Ndiyo maana tunasema iende pamoja na dawa ya maumivu ya daktari, isishike nafasi yake. Mpunguzie ugali kama amenenepa, na utandike zulia lenye mpira chini pale anapolala. Sakafu ya vigae inayoteleza humuumiza kila anapoinuka.

Anayedunga awe daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na aonyeshe cheti cha mafunzo haya. IVAS, chama cha kimataifa cha sindano za Kichina kwa wanyama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1974, ni kimoja kinachoyatoa.

Paka wangu shume alianguka kutoka juu ya paa jana, anaburuta miguu ya nyuma. Hapa mjini kuna anayedunga watu sindano za Kichina, nimpelekee? Leo asubuhi nimempa nusu ya kidonge cha parasetamoli.
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Dada, parasetamoli ndiyo ya haraka. Nusu kidonge yaweza kumuua paka. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, umwambie ni saa ngapi alipewa na ni miligramu ngapi, kwani dawa ya kuzuia sumu hiyo, asetilisisteini, hufaa zaidi ikiwahi. Usingoje ufizi ugeuke kahawia au uso uvimbe.

Huku ukingoja, gusa nyayo za nyuma. Zikiwa baridi na zimepauka kuliko za mbele, huenda damu imeganda na kuziba mshipa mkuu. Hiyo nayo ni dharura. Zikiwa na joto, mbinye kidole cha mguu. Paka kuuvuta mguu tu si dalili kwamba anahisi. Tazama kama anageuka, analia au anataka kuuma. Asipofanya hivyo, tumaini la kutembea tena ni dogo.

Anayetibu watu asimguse. Sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011 haimruhusu, na pingili ikiwa imevunjika, kumgeuza geuza tu kwaweza kukata uti. Sindano zitazungumzwa baada ya eksirei. Mlaze juu ya ubao, umfunge kwa kanga mabegani na kiunoni, kifua kipate kupumua, asitikisike kwenye boti ya kuvukia bara, Mokowe. Na umwambie daktari alikojoa lini mara ya mwisho: aliyepooza nyuma mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe, na kibofu hukamuliwa kwa mkono kila baada ya muda wa saa nane hivi. Akuonyeshe namna ya kukikamua kabla hujarudi naye nyumbani, maana kikibinywa vibaya hupasuka.