Shangazi, nasoma Historia na nyumbani wananicheka

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 21, niko mwaka wa pili Mlimani, nasoma shahada ya Historia, ile isiyo na ualimu. Ada inalipwa na Bodi ya Mikopo. Chumba na chakula analipa baba mdogo, ambaye ni mhasibu Mwanza. Krismasi iliyopita aliniuliza mbele ya ndugu wote, "Ukimaliza, hiyo historia utamwuzia nani?" Watu wakacheka, mama akainamisha kichwa. Sasa anasema nihame kozi au ataacha kunisaidia. Somo nalipenda na alama zangu ni nzuri, ila siku hizi watu wakiniuliza nawaambia nasoma Sheria. Nifanyeje?*
*Binti wa Mlimani*

Marahaba, mwanangu.

Kilichoniuma katika barua yako ni hilo la Sheria kuliko swali la baba mdogo. Yeye alikosea mahali pa kuuliza, kwa sababu mtoto hasemwi hivyo mbele ya ukoo mzima na mama yake amekaa pale. Lakini swali lenyewe ni la mtu anayetoa hela yake kila mwezi, na ana haki ya kujibiwa. Kila unapomwambia mtu kwamba unasoma Sheria, unamjibu baba mdogo kwamba amekushinda. Hajakushinda. Hujamjibu tu.

Kozi usihame. Ukiwa mwaka wa pili, kuhama ni karibu sawa na kuanza upya, na kila mwaka unaoongeza ni deni. Unajua kwamba ukianza kazi Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni liishe. Hata hiyo Sheria unayojivika, mwenzako akimaliza shahada bado ana Shule ya Sheria mbele yake kabla hajawa wakili. Usiache kitu unachokiweza ukakimbilia kitu usichokipenda kwa sababu tu watu walicheka sebuleni.

Sasa nikuambie ukweli ambao pengine walimu wako hawausemi waziwazi. Tangazo la "anatakiwa mwanahistoria" utaliona mara chache sana. Ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, usome matangazo ya miezi kadhaa, utaona sifa zinatajwa moja kwa moja: uhasibu, ugavi, rasilimali watu, utunzaji kumbukumbu. Historia peke yake inakuacha mlangoni. Lakini Historia yenye ujuzi wa pili juu yake inakupitisha kwenye milango ambayo wengine hawaifikii, na ujuzi huo unautafuta sasa, ukiwa bado chuoni. Ukisubiri kuvaa joho utakuwa umechelewa.

Ualimu wataukutajia wote, kwa hiyo nitaugusa kwa kifupi. Njia ipo: ukimaliza unasoma stashahada ya uzamili ya ualimu kwa mwaka mmoja. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo ni la lazima na linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo walimu wa somo hilo watahitajika. Ila walimu wa masomo ya sanaa waliopo mtaani ni wengi, na serikali ikiajiri huwatanguliza wa sayansi na hisabati. Uwe nao kama akiba, usiuwekee matumaini yako yote. Na hakikisha una somo la pili la kufundishia.

Ningekuwa na miaka yako, ningeelekea Upanga, mtaa wa Vijibweni, kwenye Nyaraka za Taifa. Mle ndani kuna majalada ya utawala wa Wajerumani, yale ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Omba barua ya idara, nenda, agiza jalada moja ulione kwa macho yako. Utakuta karatasi imegeuka rangi na mwandiko wa mkono wa zamani unaomshinda hata Mjerumani kijana wa leo: herufi e imeandikwa kama n, na u imewekewa kijipinde juu ili isichanganywe na n halisi. Mtu aliyejifunza Kijerumani cha kawaida anakwama hapo. Mwandiko huo unafundishika, unahitaji miezi ya mazoezi na subira.

Kwa nini nakusukumia huko? Kwa sababu kazi imeanza kuja. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendeka katika Vita vya Majimaji, akaahidi kusaidia kutafuta mabaki ya Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Mwaka huohuo vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Berlin vilikutanisha mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni na jamaa zao walio hai Kilimanjaro. Makumbusho za Ujerumani zimejaa vitu vyetu, na kila kimoja kinahitaji mtu wa kufuatilia kilitoka kijiji gani, kilichukuliwa na nani, kwa ridhaa au kwa mtutu wa bunduki. Kazi hiyo inamhitaji mtu anayesoma mwandiko ule na ambaye pia anaweza kukaa na mzee wa Old Moshi au Peramiho akamsikiliza kwa heshima. Wajerumani waliojifunza mwandiko huo wana la kwanza, sisi tuna la pili. Wenye yote mawili ni wachache mno, na mimi nataka uwe mmoja wao. Goethe-Institut ipo hapohapo Dar es Salaam, anza Kijerumani muhula huu.

Kama lugha hiyo haikuvutii, baki kwenye nyaraka. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na kila wizara, halmashauri na hospitali ina masijala inayohitaji mtu anayeelewa kwa nini karatasi fulani haichomwi. Cheti au stashahada ya kumbukumbu kutoka Chuo cha Utumishi wa Umma, juu ya shahada yako, kitakuingiza kwenye matangazo yale niliyokuambia. Makumbusho na utalii wa Kilwa, Bagamoyo na Mji Mkongwe vinafaa pia, ila ujue vinayumba na msimu, na kuongoza wageni kuna leseni yake.

Turudi kwa baba mdogo. Yeye ni mhasibu, kwa hiyo mpelekee hesabu. Mwambie kwamba mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Wazee wale walikuwa na makovu na kumbukumbu zao, na katika kesi hiyo upande wao ulisaidiwa na wanahistoria watatu waliofahamu nyaraka za ukoloni na wakatoa ushahidi Mahakama Kuu ya London. Serikali ililazimika kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa na mafaili ya makoloni iliyoyaficha Hanslope Park, kituo chake kilichopo hukohuko Uingereza. Ameuliza historia anauziwa nani. Aambiwe kuna mahali mawakili waliihitaji sana.

Usimpigie simu kwa hili, na ujumbe wa WhatsApp ndio kabisa usiandike. Likizo ikifika panda basi, umfuate Mwanza, mama akiwepo kama inawezekana. Umshukuru kwanza kwa alichokwisha kutoa. Kisha umpe karatasi moja: umebakiza muda gani, unaongeza ujuzi gani, utagharimu shilingi ngapi, na mafunzo kwa vitendo unaombea wapi. Mwambie, "Baba, nakuomba univumilie hadi nimalize, na kila muhula nitakuletea matokeo uyaone." Mwanamume wa hesabu akiona mpango wenye tarehe na bei, mara nyingi analegea. Asipolegea, usimjibu vibaya. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ueleze hali ya chumba na chakula mapema kabla hujakwama.

Na hapo Mlimani, idara unayoionea aibu ndiyo waliyofundisha Terence Ranger, Isaria Kimambo na Walter Rodney, watu walioifanya dunia isome historia ya Afrika kutoka Dar es Salaam. Anza na mwenzako wa chumbani: mwambie leo unasoma nini. Barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo Nyaraka za Taifa iandike wiki hii, maana nafasi za wanafunzi hujazwa mapema, na uniandikie wakishakujibu.

Shangazi